Kovu Linalowasha

Jumapili, 14 Januari 2024. Moshi

Joto la mwezi huu halina huruma, na kovu la kifuani linawasha tangu alfajiri. Nimelipima kwa rula mbele ya kioo: sentimita sita kutoka kushoto kwenda kulia, mbili na nusu kutoka juu kwenda chini. Lilianza na chunusi moja tu nilipokuwa chuoni. Chunusi ikapona, kovu likabaki, kisha kovu likaanza kutanuka. Sasa limevuka mbali sana mpaka wa chunusi ile, na ncha zake mbili zinafuata upande ule ule ngozi inakovutwa kila nikiinua mkono kuandika ubaoni.

Leo nimeliangalia kwa karibu. Linang'aa. Halina hata unywele mmoja. Jasho limenitoka matone matone kuzunguka ukingo wake, lakini juu yake pakavu kabisa, maana kovu halina tezi za jasho wala vinyweleo. Katikati pamelegea kidogo na rangi imefifia. Kingo ndizo ngumu, zimeiva wekundu wa udongo, na huko ndiko mwasho unakotoka. Huko ndiko linakokua.

Baada ya ibada mama mmoja wa kwaya ameniambia, "Mwalimu, hilo lisikusumbue, ni mambo ya urembo tu, na wewe mume unaye." Najua alitaka kunituliza, na nampenda kwa hilo. Lakini mtu anayeamka saa nane za usiku kujikuna mpaka ngozi ichubuke hasumbuliwi na urembo. Mkanda wa begi ukipita hapo nashtuka kwa maumivu. Kwa miaka yote nimeona haya kulipeleka hospitali kwa sababu nilisikia maneno kama hayo, na wenye makovu wengi ninaowafahamu wako vivyo hivyo. Nakwenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, hapa Moshi. Pale pana kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na mimi naishi mwendo wa daladala moja tu.

Alhamisi, 8 Februari

Nimeonwa. Naandika yote kabla sijayasahau.

Mtaalamu alikuwa kijana mtulivu. Kabla hajagusa kifua alitaka kuona kovu langu la chanjo ya kifua kikuu begani, kisha akauliza kama kuna mtu kwetu mwenye makovu yaliyoota. Nikamwambia mdogo wangu analo sikioni, na marehemu baba alikuwa nalo begani. Akaitikia kwa kichwa: makovu haya hufuata ukoo. Huwapata zaidi watu weusi, na mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 30. Yana sehemu zake yanazozipenda: kifua, mabega, ndewe za masikio, taya. Viganjani na kwenye nyayo ni nadra mno, ingawa huko ndiko tunakojikata kila siku.

Akanitofautishia vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Kuna kovu nene, linalovimba lakini likabaki ndani ya mipaka ya jeraha lake, na mengi ya aina hiyo hushuka yenyewe pole pole kwa miezi au miaka. Halafu kuna keloidi, inayovuka mpaka, ikaingia kwenye ngozi nzima ambayo haikuwahi kuumia, na haishuki yenyewe. Langu ni keloidi.

Tiba yake ni sindano ya dawa iitwayo triamcinolone, jamii ya steroidi. Inaingizwa ndani ya kovu lenyewe. Ikishuka kwenye mafuta ya chini inakula mafuta na kuacha shimo, huku kovu likibaki kama lilivyo. Tatizo ni kwamba kovu langu ni gumu, dawa haitaki kuingia. Nilimwona anavyobana bomba kwa dole gumba mpaka kucha yake ikageuka nyeupe, na dawa iliyoingia ilikuwa kidogo sana. Mahali ilipofika ngozi ilipauka ghafla. Maumivu ni makali, sitaki kumdanganya mtu. Ni ya kuchoma na kubana kwa pamoja, kisha yanapita. Akasema awamu zinazofuata huwa rahisi kidogo, kwa kuwa kovu hulainika.

Alinieleza na mabaya yake bila kuulizwa: ngozi ya pembeni inaweza kuwa nyembamba au kupauka, vimishipa vya damu vinaweza kuonekana, hedhi inaweza kubadilika tarehe, na mwenye kisukari sukari yake inaweza kupanda kwa siku chache. Kisha akasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia mapema hivyo. "Mwalimu, sitakuondolea kovu. Hakuna anayeweza kukurudishia ngozi ya zamani. Kwanza nataka usiwashwe. Halafu lisikue. Halafu lishuke. Rangi tutaizungumza mwisho."

Nimetoka nimeridhika kuliko kama angeniahidi kifua kipya. Nirudi baada ya mwezi.

Jumamosi, 10 Februari

Nimekaa na vitabu vyangu vya baiolojia jioni nzima. Nataka kuelewa, si kutibiwa tu.

Ngozi ikikatwa, kwanza damu inaganda. Kisha chembe nyeupe zinakuja kusafisha, ndiyo ule uvimbe na wekundu wa siku za mwanzo. Baada ya hapo seli ziitwazo faibroblasti zinaingia na kuanza kutengeneza kolajeni, nyuzi za protini zinazofunga pengo. Wiki za mwanzo nyuzi hizo ni laini na za muda. Baadaye zinabomolewa na kubadilishwa kwa nyuzi nene za kudumu. Ukarabati huo unachukua mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana kovu la miezi mitatu haliwezi kuhukumiwa: bado linajengwa. Na hata likimaliza, nguvu yake haizidi asilimia 80 hivi ya ngozi ya awali.

Ngozi nzima nyuzi zake zimepishana kama ukili uliosukwa mkeka, ukivuta huku unanyumbuka, ukivuta kule unanyumbuka. Kovu nyuzi zake zimelala upande mmoja, zimeshindiliwa. Katika keloidi kazi ya kubomoa na ya kujenga haziendi sawa: faibroblasti zinaendelea kumwaga kolajeni muda mrefu baada ya jeraha kufunga. Pia seli zinazotoa histamini zimejaa humo, na hiyo ni sehemu ya sababu ya mwasho. Kumbe usiku ninaojikuna una maelezo yake yanayopimika kwa darubini! Nimelia kidogo niliposoma hayo. Kwa muda mrefu nilidhani ni udhaifu wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Awamu ya pili. Dole gumba la mtaalamu halikubana kwa nguvu kama mara ile. Mwasho umepungua, sitii chumvi: nalala.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili. Dar es Salaam

Tumekuja kumsalimia bibi yake mume wangu, Mmakonde wa Newala, anayeishi na shangazi hapa Mbagala. Uso wake una nembo kuanzia paji hadi mashavuni: mistari iliyovunjwa pembe, mmoja juu ya mwingine, na nukta kati yake. Alichanjwa akiwa msichana kwa kisu kidogo, masizi ya mbegu za mbarika yakasuguliwa kwenye damu. Nilimwomba niguse, akaniinamishia shavu. Mistari imeinuka kidogo chini ya kidole, laini kabisa, haijavuka mpaka hata mahali pamoja.

Nilipojifunika vibaya akaliona langu. Akauliza, "Na wewe, mjukuu, hilo ulichanjwa na nani?"

Nikamwambia hakuna, Bibi, limeota lenyewe. Akalitazama kwa muda, akasema anasikitika, kwa sababu la kwake lilikuwa na sherehe. Hakulionea kinyaa wala hakusema nilifiche. Usiku huu nafikiri jinsi fundi yule wa Newala alivyojua kiasi cha kina na kiasi cha masizi kwa kila ngozi, na jinsi wasichana wengine wenye ngozi kama yangu walivyotoka pale na mistari iliyoota kupita alivyokusudia. Lazima walikuwapo. Sikumuuliza, nitamuuliza tukijaliwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Masika. Mdogo wangu amekuja kutoka Arusha na mvua yake, na hasira zake.

Alitoboa tundu la pili sikioni akiwa kidato cha nne. Keloidi ikaota nyuma ya ndewe, kubwa kama punje ya mhindi. Mwaka juzi akaenda zahanati fulani, wakampiga ganzi, wakaikata, wakamshona nyuzi, wakampa vidonge vya maumivu na kumwambia imekwisha. Hakuna aliyemwambia arudi. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imerudi, na sasa imezunguka ndewe mbele na nyuma, inainamisha sikio zima. Hafungi nywele tena. Simu anaipokea kwa sikio la pili.

"Dada, nikatwe tena tu, mara hii wakate mpaka mizizi."

Nimeketi naye jikoni. Keloidi haina mizizi ya kung'olewa. Kisu chenyewe ni jeraha jipya, na mwili wake huo huo ndio utakaoliponya kwa namna ile ile. Vitabu vinasema keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kuandamana, uwezekano wa kurudi ni kati ya asilimia 45 na 100. Nimeisoma namba hiyo kwa sauti ili aelewe kwamba hakukosea yeye. Kukata kunaweza kuwa sahihi kabisa, hasa kwa sikio, lakini kuwe mwanzo wa tiba: sindano za triamcinolone kwenye ukingo wa kidonda kuanzia wakati wa upasuaji na kuendelea kwa miezi, na hereni za kubana zinazoikandamiza ndewe mchana na usiku. Kwa keloidi sugu kuna pia mionzi ya dozi ndogo, inayoanza mara tu baada ya kukata, mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu. Hupunguza sana kurudi, lakini huhitaji hospitali yenye mashine, kama taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na madaktari husita kuitumia kwa watoto na vijana kwa hofu ya saratani ya baadaye.

Akanyamaza, kisha akauliza kwa nini hakuambiwa hayo siku ya kwanza. Sina jibu. Hasira yake ninaiona ni halali.

Ijumaa, 17 Mei

Kijana wa kidato cha tatu, mpole, amekuwa akiadhibiwa kwa kutonyoa. Leo nimemwita ofisini. Kisogo chake kina vipele vigumu, vingine vimeungana kuwa bamba moja lisilo na nywele. Kila akinyolewa kipara vinatoa damu, kila vikipona vinaongezeka.

Hii si keloidi halisi ingawa wengi huiita hivyo, na vinyozi wetu wanaijua sana. Huanza na uvimbe kwenye vinyweleo vya kisogoni, hasa kwa wanaume wenye nywele za kipilipili. Uvimbe usipotulizwa huishia kuwa kovu. Kunyoa karibu mno na ngozi na kola ngumu inayosugua huchochea. Ikishikwa mapema hutulizwa kwa dawa za kupaka na viuavijasumu. Ikishakuwa bamba, inabaki sindano, na hata upasuaji.

Nimekwenda kwa mwalimu wa nidhamu na kumwomba kijana aruhusiwe kuacha nywele fupi, zisizofika kipara, na mashine yake mwenyewe. Kanuni ya usafi ni njema, lakini hakuna usafi wowote katika kumfanya mtoto atoke damu kisogoni kila baada ya wiki mbili. Mwalimu amekubali. Barua ya kliniki italetwa.

Jumamosi, 8 Juni

Mtoto wa jirani ameungua kwa chai. Mwaka mmoja na nusu. Alivuta kitambaa cha meza, birika likaja lote mkononi na kifuani.

Nilisikia kilio nikaruka seng'enge. Tulimpeleka bombani, maji yanayotiririka, yasiyo ya barafu, dakika 20 kwa saa ya simu, mama yake akilia kwamba mtoto anapata baridi. Tukamfunika sehemu nyingine kwa kanga. Wakati huo huo watu wanafika na vyao: yai, dawa ya meno, mmoja amekuja na manyoya ya sungura. Wote wana nia njema. Nimewazuia wote, nikasema kwa sauti ya darasani, na sikujali nani amenuna. Manyoya yanagandamana na kidonda, kesho yake muuguzi atayabandua pamoja na ngozi. Tukafunika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, tukaita bajaji.

Usiku sipati usingizi. Namna kidonda kinavyotunzwa wiki hizi ndiyo itakayoamua kovu lake. Cha moto kinachofunga ndani ya wiki mbili kwa kawaida huacha alama tu. Kikipita wiki tatu bila kufunga, hapo ndipo kovu nene hutarajiwa, na ndipo madaktari wa upasuaji hufikiria kupandikiza ngozi wasingoje zaidi. Na kovu la moto lina tabia ya kujikunja. Likikaa penye kiungo huvuta: vidole vinajifunga ngumi, kiwiko hakinyooki, kidevu kinashuka kifuani. Nimewaona watoto wa namna hiyo, kisha wakakua na mikono hiyo. Bamba la kunyoosha mkono usiku, mazoezi kila siku, kusugua kovu kwa mafuta likishafunga, nguo za kubana kwa miezi: vitu hivi havina mvuto, na ndivyo vinavyookoa vidole. Mkono uliokwisha kujikunja bado unaweza kufunguliwa kwa upasuaji, ama kwa kupanga upya vipande vya ngozi kwa mkato wa herufi Z ili kurefusha kovu, ama kwa kupandikiza.

Nimekumbuka historia moja ambayo wengi hapa Kilimanjaro hawaijui. Archibald McIndoe, daktari wa New Zealand, ndiye aliyetibu marubani walioungua katika Vita ya Pili ya Dunia, huko East Grinstead, Uingereza. Wakati ule majeraha ya moto yalipakwa tindikali ya taniki mpaka yawe na gamba gumu. Yeye aliona kwamba marubani walioangukia baharini walikuja na vidonda bora zaidi, akaacha tindikali, akawaogesha kwa maji ya chumvi. Pia alikataa kuwaficha. Aliwaomba wenyeji wa mji ule wawapokee, wakawa wanatembea barabarani na nyuso zao nusu zimejengwa, wakanywa na kucheza dansi na watu. Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama chao, na vita ilipoisha kilikuwa na wanachama 649. McIndoe alikuwa na shamba hapa mlimani. Yeye, mwanafunzi wake Michael Wood, na Mmarekani Thomas Rees, wote madaktari wa kurekebisha makovu na maumbo, ndio waliobuni huduma ya madaktari wa ndege iliyoanza 1957, ambayo leo ni Amref. Chimbuko lake ni watu waliojua kovu linamfanya nini mtu mahali pasipo na daktari.

Jirani amenitumia ujumbe sasa hivi: mtoto amelazwa, amelala.

Jumapili, 16 Juni

Binti wa dukani ameniuzia sabuni na kunionyesha kikopo kisicho na jina, "kinatoa makovu yote, mwalimu, siku saba." Ni mkorogo. Ndani ya vikopo hivi mara nyingi mna steroidi kali, haidrokwinoni, hata zebaki. Vinapausha na kuifanya ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, ikikatwa haifungi vizuri. Nilimweleza kwa upole, nikaona anapaka na yeye.

Wanafunzi wangu wa kike ndio wateja. Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi si makovu. Ni rangi iliyozidi kwenye ngozi iliyo bapa, na yakikingwa dhidi ya jua na yasipobinywa hufifia kwa miezi. Vishimo ndivyo makovu, na hivyo vinahitaji daktari, havijazwi na krimu. Kwa kovu jipya lililoinuka, kitu cha kujipaka chenye ushahidi wa maana ni silikoni, kwa jeli au kwa bandiko, linalovaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, miezi miwili au mitatu kwa uchache, likioshwa kila siku kwa sababu ya jasho letu. Mafuta ya vitamini E yanasifiwa kila saluni na hayajaonyesha faida. Wengine yanawatoa vipele.

Jumatatu nitawafundisha hili, ingawa halimo kwenye muhtasari wa kidato cha pili.

Alhamisi, 25 Julai

Baridi, mlima umejifunika wiki nzima. Kliniki tena. Kovu limeshuka katikati mpaka kidole kinapita bila kukwama. Ukingo wa kulia bado una donge. Kuna mviringo uliopauka kuzunguka, kama alivyoonya. Sijikuni. Nimemwambia mtaalamu kwamba hilo lingetosha, akasema tuendelee na ukingo, kwa dozi ndogo zaidi kwa ajili ya rangi.

Benchi la kusubiri lilikuwa na mzee mmoja aliyeungua mguu utotoni. Kovu lake, lililotulia miaka hamsini, limefunguka kidonda chenye kingo zilizovimba, na hakiponi. Amekitibu kwa majani tangu mwaka jana. Wamemkata kinyama cha kupima leo leo, maana kovu la zamani la moto likifunguka hivyo laweza kuwa limegeuka saratani. Nimeandika ili nimwambie kila mwenye kovu la moto ninayemjua, nikianza na mjomba.

Mtoto wa jirani: kifua kimefunga mapema, kiganja kilichukua zaidi ya wiki tatu, wakapandikiza. Analala na bamba. Mama yake anamnyoosha vidole kila baada ya kula, huku anamwimbia, na mtoto sasa ananyoosha mwenyewe akiuona mkono wa mama.

Mdogo wangu amepangiwa upasuaji Jumatano ya tarehe 14 Agosti. Nimeuliza mbele yake, na tumejibiwa: sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, kisha kila mwezi, hereni za kubana zianze kidonda kikishafunga, kwa nusu mwaka na zaidi, tarehe za kurudi ziandikwe kwenye kadi kabla hajatoka chumbani. Atakaa kwangu wiki mbili za mwanzo. Nauli ya safari za Arusha za kila mwezi tumegawana na kaka.